SOMO LA MWEZI: MWENYE DHIKI HUKIMBILIA WAPI?



Somo la mwezi uliopita lilikuwa juu ya kuanika karafuu wakati wa mvua, na wengi wenu mmeniambia kwamba liliwafaa. Somo la safari hii halina majamvi wala magunia. Lahusu kichwa cha mkulima: kinapojaa mawazo, mkulima huyo hufanya nini? Nimeliandika baada ya kurudi kutoka Iringa na Mbeya, ambako Kamati ilinituma mwezi wa Aprili, baada ya Idi, kuwaona wakulima wa pareto na parachichi na kujifunza namna wanavyouza mazao yao kwa pamoja. Taarifa ya mauzo nimekwisha kuiweka mbele ya Kamati. Haya ni mambo niliyoyakuta kando ya njia, wala sikutumwa kuyatafuta.

Kwanza yanipasa nieleze kwa nini masikio yangu yalikuwa wazi. Misimu miwili nyuma, mwanachama mwenzetu mmoja alikuja ofisini akaniuliza bei ya karafuu za daraja la kwanza. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yangu, naye kusoma anajua. Nikamjibu. Akakaa kidogo, akauliza habari ya miche. Nikamjibu. Akaondoka. Wiki ya pili akarudi, akauliza bei ile ile. Nilikuwa na hesabu za kufunga msimu mbele yangu, basi nikamwonyesha ukuta kwa kalamu. Baadaye ndipo tulipopata habari kwamba alikuwa amekwisha kuuza karafuu za misimu miwili zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, apate kulipa deni, na deni lenyewe alilichukua ili kulipa deni jingine. Mkewe hakujua. Siku moja akavuka kwenda bara, na mpaka leo naandika haya watoto wake wanalelewa na mjomba wao. Simtaji jina, na nawaomba nanyi msilitaje. Lakini ile kalamu siisahau.

Basi kwa moyo huo nilipanda basi Dar es Salaam. Hadi Iringa ni kiasi cha kilomita 500, na hadi Mbeya yapata 830, kwa barabara hiyo hiyo iendayo Zambia. Ukishaumaliza mlima wa Kitonga baridi inakupokea bila ya kukuuliza umetoka wapi, nami mtu wa Pemba nilinunua koti la mtumba pale Ilula, penye soko la nyanya, kabla hata sijafika mjini. Wenyeji walinicheka kwa upole, wakaniamkia "Kamwene", na tangu hapo wakaniita Shehe, ijapokuwa ushehe wangu ni wa chuo cha Kurani cha utotoni tu.

Nchi ile ina pombe iitwayo ulanzi, na yafaa niieleze, maana wengi wetu hatujaiona. Hutoka katika mwanzi. Wakati wa mvua, tangu kama Desemba hadi Aprili au Mei, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, na chini yake hufungwa chombo cha mwanzi mkavu kiitwacho mbeta. Asubuhi na jioni mwenyewe hupita akaichonga ile ncha tena kidogo, na maji yake hudondoka. Yakiwa mabichi ni matamu, huitwa mtogwa, hata watoto huyanywa. Yakikaa huchachuka yenyewe kwa hamira iliyomo hewani, yakawa makali, na hayo huitwa mkangafu. Hapana kiwanda wala jiko, na bei yake ni ndogo. Zaidi ya ulanzi iko komoni na kangala za mahindi, na ukifika upande wa Mbeya kiko kimpumu cha ulezi, ambacho watu hukizunguka chunguni na kukinywa kwa mirija.

Wenyeji waliniheshimu, wakanipa chai ya Mufindi. Sikuja kuwatukana kwa pombe yao, na sitawatukana sasa. Mzee mmoja wa wilaya ya Kilolo, ambaye mwenyewe aliunywa ulanzi miaka mingi kisha akauacha, aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka huku. "Shehe," alisema, "ulanzi haukunivunjia nyumba. Babu yangu aliunywa, na watu wakija kumsaidia kulima aliwapa, na nyumba yake ilisimama. Mimi nilivunja yangu siku nilipoanza kwenda kilabuni kwa sababu siwezi kukaa nyumbani."

Nikamwuliza, kwa nini hakuweza kukaa nyumbani?

Akanieleza habari ya mwaka 2017. Wazee wa bara wanaukumbuka mwaka ule. Mwezi wa Juni serikali ilizuia mahindi yasisafirishwe nje ya nchi, kwa kuhofia njaa, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo ndiyo ghala la mahindi, ikajikuta ina mavuno mengi na wanunuzi wachache. Bei ikaanguka vibaya. Mzee huyu alikuwa amekopa mbolea. Alikuwa na magunia yake ukumbini, na kila alipoingia ndani aliyaona, na kila alipoyaona alikumbuka deni. Mkewe alikuwa akimwuliza kila jioni, "Baba, wanunuzi wamefika?" Swali lenyewe halina ubaya, lakini yeye alilisikia kama shitaka. Basi akaanza kuchelewa kurudi. Kwanza saa moja, kisha saa tatu, mwisho akawa harudi mpaka taa zimezimwa. Hakuwa akienda kutafuta ulevi, alisema, ila pale kilabuni hapakuwa na mtu wa kumwuliza habari ya wanunuzi.

Hapa ndugu zangu ndipo somo lilipo. Mtu aliyedhikika hutafuta mahali pasipo na swali. Wengine hupapata katika kikombe, wengine katika usingizi wa mchana kutwa, wengine katika simu, wengine katika hasira, kwani ukimgombeza mtoto kwa sauti ya kutosha hapana atakayethubutu kukuuliza kitu. Kila njia katika hizo hutuliza kweli. Tusidanganyane kwamba haitulizi, maana mtu ataionja na kutuona waongo. Ubaya wake ni kwamba hutuliza kwa saa chache, na jambo lililomtia mtu dhiki linabaki pale pale, likikua.

Nataka nieleze kidogo namna mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa mtu akijua hayo hujilaumu kidogo na kujitazama zaidi. Kila mchumaji anajua tawi la mkarafuu lilivyo jepesi kuvunjika. Uko juu, mara unasikia tawi linalia chini ya mguu wako. Papo hapo moyo unagonga, jasho linakutoka, mikono inashika kwa nguvu ambayo hukujua unayo. Hiyo ni kazi ya vitezi viwili vilivyokaa juu ya mafigo, ambavyo humwaga katika damu vitu viitwavyo adrenalini na kotisoli. Sukari hutolewa ikaingia katika damu ipate kuwa nguvu, tumbo huacha kusaga chakula, akili huona jambo moja tu. Ni rehema kubwa, ndiyo iliyowashusha salama wengi wetu. Ukishakanyaga chini, baada ya muda mwili hutulia. Lakini deni si tawi. Deni hulia asubuhi, likalia adhuhuri, likalia usiku, na mwili haujui tofauti. Humwaga vile vile. Mtu akikaa hivyo miezi, usingizi hukatika, tumbo huharibika, shinikizo la damu hupanda, na hasira huwa karibu.

Sasa mtu huyo akinywa, pombe hupoza mishipa ya fahamu, naye hulala upesi. Huona amepata dawa. Walakini mwili haukubali kupozwa bure, nao husukuma upande wa pili ili urudi katika kiasi chake. Pombe ikiisha katika damu, ule msukumo hubaki peke yake. Ndiyo maana mlevi huamka saa nane usiku, moyo unakwenda mbio, kinywa kikavu, na deni limekaa juu ya kifua chake zito kuliko jana. Sigara nayo ni hivyo hivyo: mvutaji huona imemtuliza, kumbe kwa sehemu kubwa imemwondolea kiu ya nikotini ambayo sigara iliyotangulia ndiyo iliyoitia. Mimi nilivuta miaka sita, najua ninalolisema.

Mzee wa Kilolo aliongeza jambo jingine. Mwaka huo huo wa 2017, tarehe 1 Machi, serikali ilikuwa imepiga marufuku viroba, yaani zile pombe kali zilizokuwa zikiuzwa katika vipakiti vya plastiki, ambavyo kijana aliweza kuvitia mfukoni akaenda navyo shambani, kazini, hata darasani. Marufuku ile ilikuwa ya haki, na sijasikia mzazi aliyesikitika. Lakini alisema kijijini kwake waliokuwa wakinywa viroba kwa starehe waliacha, na waliokuwa wakinywa kwa dhiki walihamia penye gongo. Gongo ni khatari zaidi, maana aipikaye kwa siri hapimwi na mtu, na ikiingiwa na methanoli hupofusha macho na kuua. Mlango mmoja ulifungwa, na mwenye dhiki akatafuta dirisha.

Huko Mbeya niliona dirisha jingine, na hili ndilo lililonitia baridi kuliko ile ya Uyole. Watu wanayaita "kausha damu". Ni mikopo midogo midogo, hupatikana siku ile ile, bila ya maswali mengi, na marejesho yake hutakiwa kila wiki au kila siku. Iko Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka kila mkopeshaji awe na leseni, lakini wengi hukopesha kwenye kiza. Tupige hesabu. Mtu akikopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kila mwezi riba peke yake ni 60,000. Akiwa hana zaidi ya kulipa riba tu, baada ya miezi 6 amekwisha kutoa 360,000, na zile 300,000 bado anadaiwa zote. Mama mmoja muuza viazi aliniambia alichukua wa pili ili aulipe wa kwanza, akachukua wa tatu ili aulipe wa pili, na siku anapochukua hujisikia mwepesi kama aliyetua mzigo. "Siku moja tu, Shehe," alisema. Nikamfikiria mwenzetu. Naye alijisikia mwepesi siku moja, siku ile aliyouza karafuu zikiwa mtini.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni la bara. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa rehani, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yasipotee kwa madeni. Babu zetu waliyaweka rehani kwa harusi, kwa matanga, kwa msimu mbaya, na wengi hawakuwaambia watoto wao mpaka mdai aliposimama uwanjani.

Najua baadhi yenu mnasema, "Katibu ametuletea habari za walevi, na sisi hatunywi." Alhamdulillahi. Lakini nihesabuni pamoja nami. Yule anayekaa barazani na simu akiweka shilingi elfu katika mpira wa Ulaya, akishapoteza akaweka elfu mbili arudishe ile elfu, huyo hanywi. Anayenunua vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari hanywi. Anayetoa talaka kwa hasira usiku, asubuhi akazunguka kutafuta wa kumfasiria, hanywi. Sote tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo kwamba mwenye kushikwa na hasira naye amesimama, akae, wangapi tunakaa? Na yule ambaye kila msimu ukiharibika huenda kwa mganga ili aambiwe ni jirani gani aliyemfunga, akarudi na adui mpya badala ya suluhisho, huyo naye hanywi. Tena tuna vijana wetu walioingia katika unga, na zile nyumba wanazoziita soba hausi hapa visiwani hazikujengwa kwa ajili ya wageni. Mbeya nako wanao. Hospitali yao kubwa ya rufaa ilianza mwaka 2017 kuwapa methadoni wenye kutaka kuacha heroini.

Sasa nisije nikawaacha kizani, kwani upande wa Mbeya nilipata pia jambo la kheri. Nilikwenda Tukuyu, wilaya ya Rungwe, nchi ya migomba na mvua, kuwaona wakulima wa parachichi. Huko waliishi Bwana Godfrey Wilson na mkewe Bibi Monica katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakichunguza mila za Wanyakyusa, na Bibi Monica akaandika vitabu juu yao vilivyotoka mwaka 1951, 1957 na 1959. Wanyakyusa wa zamani, aliandika, waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni humdhuru mtu na jamaa zake, huleta maradhi. Kwa hiyo kabla ya kufanya ibada ya ukoo ndugu walitakiwa waseme wazi magomvi yao, kila mmoja aliloliweka, mpaka liishe. Kunyamaza na kutabasamu ndiko kulikohesabiwa kuwa ubaya. Si lazima tukubali sababu zao. Ila nawatazama watu wale, ambao hawakuwa na hospitali ya akili hata moja, nawaona wamekwisha kufahamu kwamba jambo lililosemwa lina uzito mwingine kuliko lile lililofichwa.

Na leo madaktari wamelipima jambo hilo. Huko Zimbabwe, daktari mmoja wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 mjini Harare kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati, na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Bibi hatoi dawa. Humwachia mtu amwage yote, kisha humsaidia achague tatizo moja, moja tu, walitafutie hatua ya kwanza. Wakafanya utafiti kwa watu 573, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, wale waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili za huzuni na wasiwasi chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umechukuliwa hadi Malawi, New York, na hata Unguja kwetu.

Yule mzee wa Kilolo hakukaa kwenye benchi. Alichofanya ni kwamba usiku mmoja alirudi mapema, akamwita mkewe, akamwambia deni lote kwa tarakimu. Mkewe hakulia wala hakugomba. Alikwenda ndani akaleta daftari lake la kikundi cha kuweka na kukopa, akamwonyesha kiasi alichonacho. Hakikutosha hata nusu. Lakini usiku ule, alisema, walikuwa wawili wanaodaiwa. Ulanzi aliuacha taratibu, ilimchukua msimu mzima, na mara mbili alirudi nyuma. Nalisema hili kwa sababu yuko atakayejaribu akashindwa mara ya kwanza. Na kwa aliyezoea kunywa sana kila siku kwa miaka, asiache kwa ghafula peke yake. Mwili waweza kutetemeka hata kupatwa na kifafa, basi aende kwa daktari kwanza. Kadhalika mtu akikosa usingizi wiki nyingi, akaacha kula, au akaanza kusema kwamba ni afadhali asingekuwapo, maneno hayo tusiyachukulie kuwa ni ya kudeka. Mkae naye, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali ya karibu. Na hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili hiyo, wala si aibu ya ukoo.

Nimeiomba Kamati mambo mawili, nayo imekubali. La kwanza, mwanachama anayekusudia kuuza karafuu mtini aje kwanza atueleze, nasi tutakaa naye kuangalia hesabu kabla hajatia sahihi. Hatutamzuia, shamba ni lake. La pili, kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri ofisi itakuwa wazi kwa mtu yeyote aliye na jambo, na hesabu za msimu zitafungiwa sandukuni saa hiyo. Wanawake wanachama wataonana na Bibi Mweka Hazina, nyumbani kwake, siku hiyo hiyo.

Matawi yatakapokutana, nawaombeni mlijadili somo hili kwa maswali haya. Katika mtaa wetu, mtu msimu ukimharibikia hukimbilia wapi kwanza? Mkewe au mumewe hupata habari baada ya siku ngapi? Yuko nani ambaye zamani alikuwa akija barazani na sasa haji, na kati yetu ni yupi atakayekwenda kumbishia hodi kabla ya mkutano ujao? Jina la huyo atakayekwenda liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. La yule atakayeendewa lisiandikwe.